Wali unaobaki, machicha ya nazi, vichwa vya samaki: mnafanyaje bila friji?

Mama Watatu, Mikindani

Assalam aleikum, na wengine wote habari za jioni.

Nina jambo linaloninyima raha tangu mwezi uliopita. Mama mkwe wangu ameshuka kutoka Newala kuja kukaa nasi, mguu unamsumbua. Asubuhi ya siku ya pili alinikuta nimeinama jalalani nyuma ya nyumba, namwaga wali wa jana. Hakusema kitu. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akanitazama mpaka nikamaliza kukung'uta sufuria, akarudi ndani. Heri angenigombeza.

Basi nikaenda kwa jirani anayeuza dagaa, nikaazima mizani yake. Kwa siku saba kila nilichotaka kutupa nilikipima kwanza, nikaandika nyuma ya daftari la mwanangu wa darasa la tatu. Wali kilo mbili na robo. Ugali, wa sembe na wa muhogo pamoja, kilo moja na nusu. Machicha kilo moja na robo, maana nakuna nazi moja kila siku na Ijumaa mbili. Vichwa na miiba ya samaki sikuipima yote, paka walinitangulia. Maganda ya muhogo, ndizi na vitunguu yalijaza ndoo ya lita ishirini.

Wali ndio ulioniuma. Kilo mbili na robo ya wali ni kama robo tatu ya kilo ya mchele mbichi. Mchele nanunua 2,800 kwa kilo, kwa hiyo kila wiki namwaga shilingi 2,100. Mume wangu ni seremala, na kuna wiki hiyo 2,100 tunaitafuta ya kununulia mkaa hatuipati.

Tuko saba: sisi wawili, watoto watatu, mama, na mdogo wangu anayesoma chuo. Friji hatuna. Nilivyolelewa mimi, chakula hakipikwi cha kuwatosha waliopo tu, kwa sababu mgeni anaweza kubisha hodi wakati wowote, na kumwambia mgeni "tumekwishakula" ni aibu ya nyumba nzima. Kwa hiyo kila jioni napika na cha mgeni. Mgeni haji, na asubuhi wali una utelezi.

Naomba wenye uzoefu wa joto la huku kwetu wanisaidie. Wali wa jioni unaweza kufika asubuhi ukiwa salama? Machicha mnayafanyia nini zaidi ya kuwatupia kuku? Kuku ninao saba tu, hawayamalizi. Na maganda ya muhogo, mbuzi wa jirani akila atadhurika?

---

Bi Mkubwa wa Mtanda, Lindi

Waaleikum salaam mwanangu. Umefanya jambo la maana kupima. Mimi nimepika miaka hamsini na sijawahi kujua machicha ya wiki yana uzito gani.

Nianze na huyo mgeni, maana ndiye anayekula wali wako bila kufika. Mgeni usimpikie, mgeni mwekee. Juu ya jiko langu zinaning'inia ng'onda mbili tatu, samaki waliopasuliwa wakakaushwa. Kwenye kopo kuna unga wa muhogo, kwenye chupa kuna korosho za kukaanga, na mayai ya kuku hayakosekani. Mtu akibisha hodi hata saa mbili usiku, namkaribisha mkekani, namtangulizia korosho na maji ya kunywa, na kabla hajamaliza kunieleza habari za safari ugali umeshaiva na ng'onda imeshapata tui. Amekula cha moto, kimepikwa kwa ajili yake. Ukimpakulia wali uliopoa tangu magharibi, hapo umemheshimu zaidi?

La pili ni tui. Wengi wetu tunaharibu chakula kwa kukitia tui chote kwa pamoja. Mbaazi zikishaungwa kwa nazi asubuhi, kwa joto hili la pwani adhuhuri zimeanza kuchacha. Mimi mbaazi nazichemsha kwa maji na chumvi tu. Wakati wa kula nachota za mlo huo kwenye sufuria ndogo, nakamua tui, nakatia kitunguu na pilipili, naziunga. Zilizobaki kwenye sufuria kubwa zinabaki nyeupe, bila tui, za mlo wa jioni. Kisamvu vilevile: kitwange, kichemshe mpaka kilainike, lakini tui na karanga vitie kwenye kile cha kuliwa sasa hivi. Kunde, choroko, majani ya maboga, yote ni hivyo hivyo. Ukishika hili moja tu utaona jalala linapungua.

Machicha sasa. Usiyaache kwenye kifumbu cha kukamulia mpaka jioni, yanachacha na kutoa harufu ya mafuta mabovu. Ukishakamua tui la pili, yatandaze kwenye ungo, juani, saa za adhuhuri, uyageuze mara mbili. Yakikauka hata ukiyashika yanachakarika, yanakaa kwenye kopo wiki moja. Nayakaanga kwa moto mdogo bila mafuta mpaka yageuke rangi ya dhahabu, natia sukari kidogo na iliki, wajukuu wanamwagia juu ya uji. Mengine nachanganya na unga wa chapati za maji, kiganja kimoja kwa vikombe viwili vya unga. Yanayozidi hapo changanya na pumba, wape kuku.

Vichwa vya samaki kuvitupa ni dhambi, samahani kwa neno hilo. Kichwa cha changu kina nyama shavuni tamu kuliko ya mgongoni. Kipasue katikati, kitoe matamvua, kioshe kwa ndimu, kisha chemsha na nyanya moja, kitunguu, pilipili mbuzi nzima isipasuke, na kipande cha embe bichi kama msimu upo. Huyo mama mwenye mguu mpe supu hiyo.

Na wali wa jana, sisi tumekula kiporo na chai ya rangi tangu utoto. Upashe vizuri tu.

---

Muuguzi, Nachingwea

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimejifunza mengi kwako, hilo la kutenga tui nitaanza nalo kesho. Lakini hapo mwisho kwenye wali, niwie radhi, lazima niseme, kwa sababu tunawapokea watu zahanati kwa ajili hiyohiyo.

Mchele una bakteria ambaye hukaa ndani ya ganda gumu, na ganda hilo halifi kwa kuchemka kwa kawaida. Mnapopika, wenzake wote wanakufa, yeye anabaki amelala. Wali ukipoa polepole ndani ya sufuria lililofunikwa, kwa joto la usiku wa pwani, anaamka na kuzaliana, na baadhi yao wanatoa sumu. Sumu hiyo ya kutapisha haivunjwi na moto wa jikoni. Ukipasha wali asubuhi mpaka ukatoa moshi, bakteria wanaweza kufa, lakini sumu ipo palepale. Mtu anakula, na ndani ya saa chache anaanza kutapika. Na wali wenye sumu hiyo si lazima unuke wala uwe na utelezi.

Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kinatakiwa kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60, au cha baridi chini ya nyuzi 5. Nyuzi 5 bila friji hatuzipati. Zile 60 tunaweza: sufuria likae juu ya makaa yaliyofunikwa majivu, au liingizwe likiwa bado linachemka kwenye kapu lililojazwa vitambaa au pamba, na mfuniko wake umebanwa. Hapo chakula cha saa kumi na moja kinaliwa saa mbili usiku bado kinaunguza mdomo. Na hizo mbaazi nyeupe za jioni, Bi Mkubwa, nazo zisikae zimepoa kutwa nzima. Zikae kwenye makaa au kapuni vilevile.

Kwa hiyo dada wa Mikindani, jibu langu kuhusu kulaza wali bila friji mpaka asubuhi ni hapana, hasa kwa huyo mama na kwa watoto. Uamuzi wa wali unafanyika usiku huohuo kabla ya kulala.

Jingine ni kibua na jodari. Samaki hao wakikaa kwenye joto wakiwa wabichi wanatengeneza kitu kinacholeta kuwashwa, uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio, na kuwapika hakukiondoi. Vichwa vyao viende jikoni saa ileile samaki wanapofika nyumbani, si kesho.

---

Kijana wa Ligula, Mtwara Mjini

Mimi naishi peke yangu chumba kimoja, na kwa mpishi wa mtu mmoja tatizo ni ugali. Niliacha kukadiria kwa macho nikaanza kupima maji kwa kikombe: vikombe viwili vya maji, basi. Ukibaki kipande naukata vipande vyembamba usiku huohuo, nauchoma juu ya makaa yanayokaribia kuzima mpaka uote ganda la kahawia pande zote. Nauteremsha na chumvi na pilipili. Ni mtamu kweli.

---

Bi Mkubwa wa Mtanda, Lindi

Marahaba mwanangu muuguzi. Nimesoma maneno yako mara mbili, ya pili nikamsomea mzee wangu.

Nilitaka kubisha. Lakini nimekumbuka kitu. Nikiwa na miaka kama kumi, sisi watoto wanne tulikula kiporo cha wali wa nazi wa harusi, na wawili walitapika mpaka magharibi. Nyumbani ikasemwa ni chango, tukachemshiwa majani. Mwaka mwingine ikatokea tena, ikasemwa ni jicho, kwa kuwa harusi ilikuwa na watu wengi. Hakuna aliyeutazama wali. Sote tulipona, alhamdulillahi, lakini leo nakubali huenda ulikuwa wali.

Basi naufuta ushauri wangu wa kiporo. Badala yake, mwanangu wa Mikindani, nakupa hili: ukoko na wali wa usiku vitumie usiku huohuo. Chukua kiganja cha wali uliobaki, bado una joto, kaangia na kitunguu na yai, mpe huyo kijana anayesoma chuo, maana vijana njaa ya saa nne usiku wanaijua wenyewe. Na kama kesho unataka vitumbua, vinahitaji wali kidogo wa kulainisha, lakini huo upike asubuhi, kijiko cha mchele tu kinatosha.

---

Mkulima wa Newala

Dada, najibu la maganda ya muhogo kwa kuwa ndilo ninalolijua.

Ganda la muhogo lina sumu kuliko muhogo wenyewe. La muhogo mchungu likiwa bichi linaweza kumuua mbuzi, na nimeona kwa macho yangu mbuzi jike mwenye mimba akianguka. Usimpe jirani maganda mabichi hata kama wewe unasema muhogo wako ni mtamu, kwa sababu mbegu zimechanganyika mashambani na muuzaji wa sokoni hajui kila mzizi umetoka shina gani. Yakatekate, yaanike juani siku tatu au nne, uyageuze, mpaka yavunjike mkononi kama kijiti. Hapo mbuzi anaweza kupewa kidogo, amechanganyiwa na majani.

Na kwa kuwa mnakula ugali wa muhogo, niongeze hili hata kama hukuuliza. Kuna ugonjwa unaitwa konzo. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi. Unatokana na kula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa muda mrefu, bila kupata mboga zenye nguvu kama samaki na kunde. Umewahi kutokea hapa mkoani kwetu Mtwara. Njia nyepesi ya kupunguza sumu kwenye unga ni hii: pima unga kwenye beseni, lowesha kwa maji taratibu mpaka uwe tope zito, tandaza juu ya mkeka safi au turubai unene usiozidi sentimita moja. Juani saa mbili, kivulini saa tano. Kisha usonge ugali siku hiyohiyo. Sumu inaondoka kama hewa.

Maganda mengine yote yarudishe kwenye ardhi. Mchanga wa Mikindani haushiki maji, unamwaga ndoo na dakika kumi baadaye pamekauka. Chimba shimo la futi mbili kando ya mgomba au mpapai. Tia maganda, tia majani makavu juu yake, tia udongo kiasi cha kufunika, na majivu ya jikoni kidogo. Kila siku hivyo mpaka lijae, kisha hamia shimo la pili. Vyakula vilivyopikwa kwa mafuta, na mifupa ya samaki, usiviweke juujuu, panya watavifukua. Miiba izikwe chini kabisa. Baada ya miezi mitatu, lifukue shimo la kwanza, utakuta udongo mweusi. Panda hapo bamia.

Sisi wa juu huku uwandani maji ni ya shida, tunayapandisha kutoka bondeni, kwa hiyo maji ya kuosha mchele na mboga hatumwagi kamwe. Yanakwenda kwenye miche. Mama mkwe wako anajua, muulize.

Kuku: maganda ya mayai yakaushe, yatwange laini, changanya kwenye chakula chao, yatawasaidia mayai yao yasiwe na ganda laini. Chakula chenye chumvi nyingi usiwape. Na kitu chenye ukungu, iwe mahindi, karanga au mkate, usimpe mtu wala kuku. Sumukuvu haichagui.

---

Mama Watatu, Mikindani

Wiki tatu zimepita, narudi kama nilivyowaahidi wengine pembeni.

Nilimsomea mama majibu yenu jioni, tumekaa barazani. Nilipofika kwenye maji ya kuosha mchele alicheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Akanieleza kwamba alipokuwa mwali kwa mumewe, ndoo moja ya maji ilioshea mboga, kisha ikaoshea miguu, kisha ikamwagiwa mpapai, na kwamba papai la mti huo ndilo lililomlea mume wangu alipokataa ziwa. Mimi nimeolewa miaka kumi na mbili sikuwahi kuisikia habari hiyo.

Machicha sasa ni kazi yake. Anakaa na ungo mapajani kwenye jua la saa sita, mguu ameunyoosha, anayageuza kwa vidole. Watoto wameacha kudai sukari kwenye uji. Wanadai "ya bibi".

Wali nimepunguza kutoka kilo moja ya mchele mpaka gramu mia saba na hamsini. Siku ya kwanza mkono ulitetemeka, nikiamini watu watalala njaa. Sufuria liliisha, ukoko ulibaki, mdogo wangu akaukwangua. Nikaona kumbe robo nzima nilikuwa namwaga kila mara. Wiki hii ya tatu nimepima tena: wali uliobaki ni robo kilo kwa siku zote saba, na wote umeliwa na kuku kabla ya saa tatu usiku.

Mgeni alikuja kweli. Jumamosi, ndugu wa mume wangu wawili, kutoka Masasi, saa mbili kasoro. Moyo ulidunda kwa kuwa sufuria lilikuwa limeshaoshwa. Nikawapa korosho, nikasonga ugali, nikaunga ng'onda kama Bi Mkubwa alivyosema. Mmoja wao aliomba aongezwe mchuzi.

Kuna lililonishinda. Mbaazi nilizitenga vizuri siku nne, ya tano nilichelewa kutoka sokoni, binti yangu akazitia tui zote, mpaka jioni povu. Nimemwaga. Nimemwonyesha, na sasa sufuria kubwa la mbaazi nalifunga kitambaa chekundu mkononi ajue haliguswi.

Kapu la muuguzi nimeshona kwa gunia na matambara ya nguo za watoto. Nimelijaribu na kisamvu kilichochemshwa bila tui: nimekitia saa tano asubuhi kikiwa kinatokota, nikafungua saa nane, kilikuwa cha moto kiasi cha kuchoma kidole, na kimelainika zaidi. Mkaa wa saa tatu nimeuokoa. Kwa maharage sijajaribu bado.

Swali moja limebaki, kwa kaka wa Newala. Mwezi ujao mabibo yanaanza kudondoka kwenye mikorosho ya mama, na kila mwaka tunachukua korosho, bibo tunaliacha linaoza chini. Nimesikia kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wanafundisha kutengeneza juisi na jemu. Mama anasema walikuwa wanayakausha. Ukakasi wake mnautoaje nyumbani?

---

Mkulima wa Newala

Okota asubuhi mapema yaliyodondoka usiku, yasiyopasuka, maana bibo halimalizi siku mbili. Yaoshe, kamua juisi kwa kitambaa. Pika uji mwepesi wa mchele, uache upoe, changanya nusu kikombe kwa lita moja ya juisi, koroga, acha itulie. Ukakasi utashika uji na kuzama chini. Mimina ya juu taratibu kwenye chombo kingine, chuja tena, chemsha, kunyweni siku hiyo. Hayo makapi ya kukamulia yaanike, mbuzi wanayapenda. Na ya kukausha, mwachie mama akuonyeshe, yeye anajua kuliko mimi.